Siku Niliyowaambia Watazamaji Kwamba ni Hitilafu ya Mtandao

Naanza na lile baya lenyewe, nisije nikalizunguka: nilimdanganya jirani kwa maneno sita, nikafunga geti kwa kufuli, na kwa ajili ya hayo mawili dada yangu hakumwahi Bibi. Hayo mengine mliyoyaona kwenye simu (na mmeyaona, msinifiche, hata muuza dawa za mifugo kule Moshi mjini aliniangalia juu ya miwani yake akaniuliza, "Wewe si yule wa hitilafu?") ni matawi tu. Shina ni hilo. Nimeona nilieleze mwenyewe, maana huku kwetu Machame habari ikishavuka vihamba vitatu, haya mashamba yetu ya migomba yanayozunguka nyumba, inakuwa imeota mkia na pembe.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo watu wa safari, wapo watu wa vikao, mimi ni wa nyumbani na sijawahi kuona kama ni kosa. Nina ng'ombe wawili wa ndani, migomba, kahawa kidogo ya kunipa heshima, na kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja nimeushona kwa waya. Nikishuka kwa shangazi yangu Soweto ya Moshi mjini, nikikaa saa mbili naanza kuwaulizia ng'ombe kana kwamba wamepotea. Kidato cha nne nilimaliza, fizikia nayo ikanimaliza mimi, nikarudi kihambani, na tangu hapo mambo ya dunia nayaona kupitia simu, nikiwa nimekaa. Kwa hiyo watu walipoanza kusema kwamba siku hizi mwanamuziki hana haja ya kuhangaika na stesheni za redio, anaimba akiwa kwao na dunia inamfuata hukohuko kwenye video, nilihisi kwamba hatimaye dunia imenielewa. (Tatizo ni kwamba mimi siimbi. Nikiimba, ng'ombe wanabana maziwa.)

Anayeimba ni mdogo wangu, Ndeshi. Mama yetu alifariki Ndeshi akiwa darasa la pili, na aliyemlea kwa mikono yake ni Bibi wa ng'ambo ya uzio. Si bibi yetu wa damu, ni mama mkwe wa jirani yetu Mama Aika, lakini ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyemfundisha kumenya ndizi bila kujikata, na ndiye aliyempa ule wimbo. Ni wimbo wa zamani wa Kichagga wa kupandisha majani. Enzi hizo wanawake walikuwa wanashuka asubuhi hadi tambarare kukata majani ya ng'ombe, halafu wanapanda nayo mlima mzima, mzigo kichwani, na huo wimbo walikuwa wanauimba ili mlima uwe mfupi. Una sehemu katikati ambapo mwimbaji anakatika, anavuta pumzi kama mtu aliyefika kwenye mwinuko mkali, kisha anaendelea. Wanakwaya wetu wa usharika walijaribu kuuimba wakaona pale pana kasoro, wakaparekebisha, wimbo ukafa. Ndeshi hakurekebisha kitu. Anavuta pumzi vilevile Bibi alivyomfundisha, na ukimsikia unatazama miguu yako kama ina vumbi.

Nilimrekodi mara ya kwanza bila mpango, akiwa anawakatakatia ng'ombe migomba na kuimba, nikaiweka mtandaoni kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na sikuwa na la kufanya. Wiki nzima ilitazamwa na watu kumi na wanane, na kumi na mmoja kati yao ni mimi. Halafu muuguzi mmoja wa huku kwetu, anayefanya kazi nchi fulani ya baridi, akaisambaza akiwa ameandika chini yake: "Hii ni pumzi ya mama yangu." Basi. Kuanzia hapo simu yangu haikupoa. Watu wa Dar, watu wa Nairobi, vijana ambao hata Kichagga hawakijui, kila mmoja anaandika amelilia wapi, mwingine jikoni, mwingine kazini, mwingine kwenye foleni ya benki. Ndani ya mwaka mmoja Ndeshi, fundi cherehani wa njia panda, alikuwa ameitwa kuimba harusini Arusha, ameitwa Holili hadi ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, na akishuka sokoni Moshi wauza nyanya wanamwita kwa jina la wimbo. Hakuna meneja, hakuna redio. Ni simu tu, migomba nyuma yake, na mimi.

Na kila akirudi safari, kabla hata hajaingia kwetu, alipitia kwa Bibi kumweleza. Bibi hakuwa anauliza walikuwa watu wangapi. Alikuwa anauliza, "Walikupa kiti?" Ndeshi akisema ndiyo, Bibi anaridhika, anamshika mkono, wanakaa.

Mimi nikajipa cheo cha mkurugenzi wa ufundi. (Hakuna aliyenipinga, kwa sababu hakuna aliyekuwepo kwenye kikao.) Nikanunua stendi ya simu, nikajifunza maneno, nikaanza kumwambia Ndeshi habari za mwanga na pembe. Nikagundua kwamba video ya kawaida mtu anaiangalia na kwenda zake, lakini ukiimba laivu watu wanakaa, wanaandika maoni, wanaitana, na kila laivu moja ilituletea wafuasi kuliko video tano. Nikanogewa. Asubuhi kabla ya kukamua nilikuwa naangalia idadi ya wafuasi, baada ya kukamua naangalia tena, kana kwamba na yenyewe inatoa maziwa.

Sasa sikilizeni. Bwana mmoja wa Arusha, mwandaaji wa tamasha kubwa la muziki ambalo huonyeshwa mtandaoni, alinipigia akasema wimbo wameusikia, wanaupenda, ila kwenye video za kurekodi kila mtu ni hodari. Anataka amwone Ndeshi akiimba laivu saa nzima bila kukatisha. Akiweza, anampandisha jukwaani kwake. Tukapanga Jumamosi saa kumi jioni. Nikatangaza. Ndeshi akashona gauni jipya la kitenge cha kijani, akawa anafanya mazoezi cherehani ikilia, na mimi nikawa siwezi kula vizuri.

Kabla sijafika kwenye hiyo Jumamosi lazima niwaambie tabia moja ya Bibi, si kwa kujitetea, ingawa ndiyo, ni kwa kujitetea. Bibi alikuwa ameshatuaga mara tatu mwaka huo. Mara ya kwanza alituita wote, akatubariki mmoja mmoja, akagawa vitu vyake, blanketi kwa huyu, chungu kwa yule, tukalia sana, na jioni yake akaomba mtori, akanywa bakuli mbili, na kesho yake akadai blanketi lirudishwe. Mara ya pili mwinjilisti alikuja na kuondoka. Mara ya tatu hata mbwa hakuamka. Kwa hiyo mtu akikwambia Bibi anaaga, moyo ulikuwa hauruki tena, unatikisika kidogo tu na kurudi mahali pake.

Jumamosi hiyo, saa saba mchana, Mama Aika akaja getini. Hakuingia, na hilo peke yake lilitakiwa kunishtua, maana Mama Aika siku zote anaingia.

"Kunda."

"Shikamoo Mama Aika."

"Marahaba. Ndeshi yuko wapi? Bibi anamtaka. Tangu asubuhi anamtaja yeye tu."

"Kwani amezidiwa?"

"Uji amekataa. Anasema leo anaenda."

"Si alisema hivyohivyo na mwezi wa nne?"

"Alisema. Na leo amesema tena. Mimi si daktari, Kunda, mimi ni mkwe. Yuko wapi huyo mtoto?"

Ndeshi alikuwa nyuma ya nyumba, anapiga pasi gauni. Nilisikia hata pasi ya mkaa ikigongwa. Nikapiga hesabu haraka, na mimi hesabu sikuwahi kuziweza: nikimwita, ataenda, akienda, atakaa, akikaa, atalia, na dada yangu akilia hata kidogo sauti inamkwama siku mbili. Bibi mwenyewe jioni ataomba mtori. Nikafungua mdomo.

"Ndeshi hayupo, ameenda Sanya Juu sokoni."

Mama Aika akasema, "Akirudi mwambie aje moja kwa moja, kikapu asikiweke hata chini," akageuka, akaondoka haraka, khanga yake imeteleza begani na hakuivuta.

Nilijiambia ni kusubiri saa nne tu. Saa kumi tunaanza, saa kumi na moja tumemaliza, saa kumi na moja na dakika moja nampeleka mwenyewe kwa Bibi, tena nikiwa na habari njema ya tamasha. (Ona jinsi nilivyokuwa mwema kichwani mwangu.) Ndeshi aliponiuliza nani alikuwa getini, nikasema ni mtu wa mbolea. Halafu nikaenda kufunga geti kwa kufuli, kwa sababu laivu iliyopita jirani mwingine aliingia katikati ya wimbo kuazima panga na akaonekana hadi nchi za baridi. Ufunguo nikautia mfukoni.

Saa kumi tukaanza. Mtandao kwetu unashika vizuri sehemu moja tu, pale kwenye chanja ya kuanikia kahawa, karibu na uzio wa michongoma unaotutenga na kwa kina Bibi. Ndeshi alikaa kwenye kigoda, simu moja kwenye stendi inamchukua, na mimi nimekaa pembeni na simu ya pili nikisoma maoni. Yeye hakuwa anaona kinachoandikwa. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu, ili asichanganyikiwe, na mimi ndiye niliyeubuni.

Wakaingia watu. Mia moja, mia mbili. Bwana wa Arusha akaandika, "Nipo, naangalia." Ndeshi akaimba wa kwanza, akaimba wa pili, sauti imetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Kisha nikaona jina ninalolijua. Ni Aika, binti wa Mama Aika, anayesoma chuo, alikuwa nyumbani likizo. Aliandika: "Kaka Kunda, kumbe dada yupo? Bibi anamwita jamani, aje."

Watu wote wanaliona. Bwana wa Arusha analiona. Nikalifuta.

Akaandika tena: "Kaka umefuta? Bibi hali yake si nzuri. Mwambie dada."

Nikafuta. Na kwa sababu mtu mmoja huko Dar alishaanza kuuliza, "Mbona mnafuta maoni, Bibi nani anaumwa?", nikamfungia Aika asiweze kuandika tena. Kidole kilifanya hivyo kabla sijakikataza. Nasema hivyo, lakini kidole ni changu.

Jambo ambalo sikulifikiria, mimi mkurugenzi wa ufundi niliyekuwa najua habari za mwanga na pembe, ni kwamba sauti ya Ndeshi haihitaji intaneti kuvuka uzio. Dirisha la Bibi lilikuwa wazi. Aika alinieleza baadaye, bila kunitazama, kwamba walikuwa wamemwekea Bibi simu karibu na mto ili angalau amwone, kwa hiyo Bibi alikuwa anausikia kila mstari mara mbili, kwanza dirishani, kisha baada ya kitambo kidogo kwenye simu, kwa vile laivu huchelewa. Akawa anamuuliza Mama Aika, "Wako wawili? Yupi ndiye aliye karibu?"

Wakati huo Ndeshi ameanza ule wimbo wenyewe, wa kupandisha majani. Alifumba macho, kama kawaida yake. Na geti likaanza kugongwa.

Nilijua ni nani. Geti letu ni la bati, likigongwa linalia mlima mzima, lakini Ndeshi akiwa ndani ya ule wimbo hata radi haisikii. Nikawaza, dakika tano. Zimebaki dakika tano. Aika anagonga, gwa-gwa, gwa-gwa-gwa, na kwenye simu yangu watu wanaandika: "Hiyo ngoma ya nyuma nani anapiga? Tamu." "Wameongeza mpigaji, safi sana." Bwana wa Arusha akaweka alama ya dole. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Ngoma ikaacha. Ndeshi akafika pale katikati ambapo wimbo unakatika, akavuta pumzi, na katika ule ukimya mdogo wa kuvuta pumzi ndipo yowe la Mama Aika lilipotoka ng'ambo ya uzio.

Kwetu yowe la msiba halifanani na yowe jingine. Huhitaji kuuliza. Ndeshi alifumbua macho, hakumaliza mstari. Akaniangalia. Mimi nikaangalia simu. Akainuka, kigoda kikaanguka, akakimbilia getini, akakuta kufuli.

"Kunda, ufunguo."

Nikajipapasa. Mfuko wa kulia, hakuna. Wa kushoto, kitambaa na misumari. Wa nyuma, hakuna.

"Kunda, ufunguo."

Haya yote simu ya kwenye stendi inayachukua, maana geti liko nyuma palepale, mnamwona dada yangu amevaa gauni la kijani ameshika bati kwa mikono miwili, na mnaniona mimi nacheza ngoma ya mifuko. Mara ya tatu hakuniita. Aligeuka, akainama, akajipenyeza kwenye michongoma kama mbwa anavyopita, nikasikia kitenge kikichanika kipande kirefu, na akawa ameshapotea.

Nikabaki mimi na kigoda na watu mia nne. Ningeweza kukimbia nyuma yake. Ningeweza kuzima simu. Badala yake nikaenda mbele ya kamera, nikainama ili uso uingie vizuri kwenye picha, na nikasema kwa ile sauti ya watangazaji: "Ndugu watazamaji, tumepata hitilafu kidogo ya mtandao, tutarejea baada ya muda mfupi." Nyuma yangu kilio kinasikika wazi, sasa vimekuwa vilio viwili, na cha pili kilikuwa cha Ndeshi.

Ngoja nimalizie kabisa, kwa sababu hili hamkuliona. Baada ya kusema hivyo niliangalia namba. Ilikuwa inapanda. Nilisimama pale nikiiangalia inavyopanda kwa muda ambao mpaka leo sijaweza kuukadiria, halafu ndipo nikazima. (Ufunguo ulikuwa mfuko wa shati.)

Nilipofika kwa kina Bibi, wanawake wawili watatu walishaingia. Ndeshi amepiga magoti kando ya kitanda, michirizi myembamba ya damu ya miiba mkononi, ameshika mguu wa Bibi juu ya shuka, kwa kuwa mikono walishaikunja. Mama Aika alimuuliza taratibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka tu kupanga mambo kichwani:

"Umerudi saa ngapi Sanya Juu?"

Ndeshi akasema, "Sanya Juu gani, mama?"

Wakanigeukia wote, mmoja baada ya mwingine, na mimi nimesimama mlangoni na simu mbili mkononi.

Kesho yake tayari tulikuwa maarufu. Mtu aliikata ile sehemu, kuanzia pumzi ya Ndeshi mpaka kwenye hitilafu yangu, akaisambaza, ikaenda kuliko nyimbo zote kumi na mbili alizowahi kuimba. Wengine walicheka, wengi walilia, wengine wakasema tumepanga. Lakini wote walitaka kujua huyo mwanamke wa gauni la kijani ni nani, wakaufuata wimbo, na wafuasi tuliowatafuta mwaka mzima wakaja kwa siku tatu, matanga yakiwa hayajaisha. Bwana wa Arusha akapiga. Alitoa pole vizuri, kisha akasema, "Kaka, usinielewe vibaya, lakini hii ni nafasi. Watu wanamtafuta yeye sasa hivi. Mwezi ujao watakuwa wanatafuta kingine." Nilimpelekea Ndeshi simu jikoni, alikokuwa anamenya ndizi za waombolezaji. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante baba," akanirudishia simu, akaendelea kumenya. Hilo ndilo neno la mwisho nililomsikia akilisema kwenye simu yangu.

Siku ya maziko walikuja watu tusiowajua, kutoka mjini na kwingineko, wamevaa vizuri, wameinua simu juu ya vichwa wakisubiri aimbe. Walikanyaga kahawa changa ya Mama Aika. Mchungaji akawaomba washushe simu, wakashusha kidogo. Familia ilimwomba Ndeshi auimbe ule wimbo wakati Bibi anashushwa kaburini pale kihambani, maana Bibi mwenyewe alikuwa ameagiza hivyo, tangu ile aga ya kwanza. Ndeshi alisogea mbele. Alifungua mdomo, akatazama zile simu, akafunga. Alitikisa kichwa, akarudi kusimama na wanawake. Kwaya ya usharika ikaimba badala yake, ule waliourekebisha.

Sasa yuko Holili, anamsaidia shangazi yetu mwingine kuuza vitenge. Ninaambiwa haimbi hata akiwa peke yake, anashona na kunyamaza. Kila siku watu wanaandika kwenye chaneli, utarudi lini dada, tumekumisi dada, na mimi nazisoma jumbe zote kwa sababu hakuna mwingine wa kuzisoma, wala sina cha kuwajibu. Huku mtaani jina langu la ubatizo limekufa, naitwa Hitilafu. Nikichelewa kuleta maziwa: hitilafu. Ng'ombe akitoroka: hitilafu. Nacheka nao. Nimeapa sitashika tena stendi ya simu, sitafunga tena geti mchana, na mtu akija kuniambia fulani anaitwa na mgonjwa nitamwita hata kama anaimbia malaika, lakini viapo vyangu vyote, nikiviangalia vizuri, vinamsubiri mtu ambaye ameshazikwa.

Juzi nikafanya lile ambalo lilitakiwa lifanyike mapema. Kwetu ukimkosea mtu sana huendi na mdomo mtupu, unakwenda na jani la isale mkononi, na akipewa hawezi kulikataa, ni lazima akusamehe. Nilikata moja, nikalifunga fundo, nikazunguka mpaka kwa Mama Aika, nikamkuta anapanga upya mawe kwenye kingo za kaburi la Bibi. Nilimwamkia, nikamnyooshea isale kwa mikono miwili, na nikaanza hotuba niliyoiandaa wiki mbili, kwamba nimekosa, kwamba ni shetani, kwamba yote niliyafanya kwa ajili ya kumsaidia Ndeshi aendelee. Aliniacha niseme mpaka pumzi ikaniishia. Akafuta mikono kwenye khanga, akalipokea lile jani, akaliweka juu ya kaburi, na akasema:

"Isale nimelipokea, kwa sababu halikataliwi. Ila hiyo ya kumsaidia Ndeshi usiiseme tena mbele yangu, Kunda. Ndeshi alikuwa na mtu mmoja wa kumsikiliza na alimtosha. Wale wengine wote walikuwa wa kwako."